Gari Lililoharibu Hesabu

Mume wangu ndiye aliyenitafutia kazi ya redio. Alikuwa dereva wa shirika moja la misaada lililoingia Karagwe pamoja na wakimbizi, katikati ya miaka ya tisini. Jioni moja alirudi nyumbani akasema ofisini wanatafuta mtu wa kukaa kwenye redio ya upepo ya kuitia magari, mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye Kiswahili kizuri na Kinyambo, na akisikia Kinyarwanda itakuwa bora zaidi. Vyote nilikuwa navyo. Kinyarwanda nilikiokota utotoni Nyaishozi, kwa vibarua waliokuja kupalilia kahawa ya baba yangu. Mume wangu alinisifu mbele ya wakubwa wake kwamba mkewe Kinyarwanda anakisikia vizuri. Yeye mwenyewe, akiulizwa, alisema hajui hata neno.

Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya ofisi, na dirisha lake lilitazama migomba ya jirani. Siku hizo Kyerwa haikuwa wilaya, yote ilikuwa Karagwe, na magari yetu yalizunguka kote: Nyaishozi, Kituntu, Songambele, hadi kambini huko mbele. Kazi yangu ilikuwa kujua gari gani liko wapi. Mkubwa akimhitaji dereva, mimi ndiye wa kumpata.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Sauti ya redio haipenyi kilima, na Karagwe ni vilima vitupu. Shirika lilikuwa limesimamisha milingoti juu ya vilima vitatu, kila mmoja na mtambo wake wa kupokea sauti na kuirusha mbele, ukitumia betri zinazochajiwa na jua. Gari likiwa upande wa Nyaishozi lilisikika kupitia kilima cha kwanza. Likiwa Kituntu, kilima cha pili. Likielekea Songambele na kambini, kilima cha tatu. Nikimtaka dereva nisiyejua aliko, nilimwita kilima cha kwanza nikasubiri, nikahamia cha pili nikasubiri, kisha cha tatu. Masika yakifika, ukungu ukakaa juu ya vilima mpaka mchana, betri zilikuwa hazijai, na kila mwito wa bure ulizidi kuzinyonya. Kuna siku kambini walihitaji gari la kubeba mjamzito, na kilima cha tatu kilikuwa kimekufa kwa sababu nilikimaliza asubuhi nikimtafuta dereva aliyekuwa Nyaishozi akinywa chai.

Baada ya siku ile ndipo wakamleta fundi. Nasema fundi kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita, lakini alikuwa mhandisi, mtu wa Kilimanjaro aliyesomea mitambo ya mawasiliano Dar es Salaam. Alikuwa mpole, hakunywa, na aliniita dada tangu siku ya kwanza. Kwanza aliwaamuru madereva wajitangaze kila wanapotoka chini ya kilima kimoja na kuingia chini ya kingine. Madereva wakatii mno. Hewa ikajaa sauti za watu wanaotangaza kwamba wamefika pale walipokuwa, mtu mwenye jambo la maana akakosa nafasi ya kusema. Fundi akaniambia tatizo lina ncha mbili. Ukimtaka mtu ajitangaze kila mara, hewa inajaa. Ukimwachia akae kimya, wewe ndiye utakayehangaika kumwita kila kilima. Lazima upatikane mwendo wa katikati.

Mwendo huo aliupata kwa kujifunza nyendo za madereva. Alisema mtu hatembei ovyo, hata mlevi ana njia yake ya kurudi nyumbani. Akaniomba nimwandikie, kila ninapomsikia dereva, nimemsikia kupitia kilima kipi na saa ngapi. Yeye aliingiza mambo hayo kwenye kompyuta ya ofisi, na ukutani mwa chumba changu akabandika karatasi kubwa yenye duara tatu, mishale ikitoka duara moja kwenda nyingine. Mshale mnene ulikuwa njia ya mazoea, mwembamba njia ya nadra. Baada ya muda akawa anaingia chumbani na kuniambia gari la Pili saa hii nianze kuliita kilima cha tatu, nami nikiita, dereva anaitika mara moja. Sisemi uongo, nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kufanya kazi ambayo mtu ananieleza sababu yake.

Aliniambia pia kwamba Dar es Salaam zimeanza simu za kushika mkononi, zisizo na waya, na kwamba ndani yake mna hesabu hii hii. Minara inajua mtu yuko chini ya mnara upi hata akiwa hajapiga simu, na mitambo inakisia atakwenda upande gani. Alitaka kuandika kazi yake ya Karagwe vizuri, awapelekee watu wa simu wamwajiri. Sikuona ubaya. Kila mtu alitaka kutoka mahali alipo.

Kilichomsumbua kilikuwa gari la Tano. Siku nyingine zote gari la Tano lilitii karatasi ya ukutani, ila Alhamisi alasiri, likitoka kambini, lilipotea. Halikusikika kilima cha tatu wala vingine, kisha likazuka barabarani karibu na magharibi kana kwamba halijakawia. Gari la Tano lilikuwa la mume wangu.

"Dada, shemeji huwa anapitia wapi Alhamisi?" fundi aliniuliza. "Gari lake linaniharibia hesabu."

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Lakini tangu siku ile nikaanza kujua kwa kukisia. Nilikuwa mwanamke niliyeolewa na dereva, na dereva mwenye gari jeupe enzi zile alikuwa kama mwenye duka, hakukosa wanawake. Nilipomuuliza, alisema bonde lile redio haishiki. Jibu lilikuwa la kweli, na ukweli wake ukanichoma zaidi, kwa sababu nilimwuliza habari za ndoa yetu nikajibiwa habari za redio. Nikapika, nikapakua. Nilipata ruhusa siku moja katikati ya wiki, nikaomba lifti kwenye lori la buni, nikashuka Songambele, kwenye njia ya kutoka kambini. Dukani niliuliza gari jeupe la Alhamisi husimama wapi. Hawakuona sababu ya kuficha. Mwenye duka alinionyesha kwa kidole: mwisho wa kibanja kile cha kahawa, nyumba ya nyasi, pale.

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Nilipofika nikamkuta bibi ameketi juu ya mkeka anachambua maharage, mguu mmoja umevimba, umefungwa kipande cha kitenge. Nikafikiri ni mama wa huyo mwanamke ninayemtafuta. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, kisha akaniuliza kwa Kinyarwanda kama nimekuja kwa miguu. Nikamjibu kwa Kinyarwanda bila kufikiri. Akanitazama muda mrefu, akashika ukuta, akasimama.

"Wewe ni mke wa mwanangu," alisema. "Picha yako ninayo. Aliniambia atakuleta, nikawa nangoja."

Nilikuwa nimeolewa na mtu asiye na mama. Ndivyo alivyotuambia: yatima, amelelewa na mwalimu wa kanisa huko Kituntu. Mwalimu huyo ndiye aliyekuja nyumbani kwetu kama baba yake siku ya posa, akanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasifu migomba yetu. Sasa bibi yule akanipa ndizi mbivu, akaketi tena, akanisimulia taratibu huku mikono yake ikiendelea na maharage. Alivuka mpaka akiwa bibi harusi mwenye mimba, miaka mingi kabla ya wakimbizi hawa wa sasa. Mtoto alizaliwa hapo Songambele. Mume akafa, yeye akalima vibanja vya watu kwa kibarua. Mtoto alipofikia umri wa shule, alimkabidhi kwa mwalimu wa Kituntu, na mwalimu, kwa wema wake, akamwandikisha kama yatima wa ukoo wake, ili asiulizwe kwao ni wapi.

"Usimkasirikie," aliniambia tulipoagana. Nilimkasirikia njia nzima.

Nilimngoja mume wangu akala, watoto wakalala, nikamwambia nimetoka kwa mama yake. Hakukana. Aliweka mikono juu ya meza, akaitazama.

"Ningesema ukweli, baba yako angenipa mke?"

"Ungeniuliza mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeolewa."

Akasema nilikuwa binti wa mzee wa kanisa, mwenye kahawa na migomba, na baba yangu aliwaita vibarua wa Kinyarwanda "watu wa kupita" hata waliozaliwa mlangoni kwake. Nilikumbuka kwamba ni kweli. Hilo halikunipunguzia uchungu. Nilikuwa nimelala na mtu miaka yote ile naye anaota kwa lugha ninayoijua, akaamka na kuniambia haijui. Tulikubaliana angalau mama ahamie kwetu mvua zikipungua, na baba yangu tutamwambia polepole.

Hatukupata muda huo. Fundi alikuwa amemaliza kazi yake, akaipeleka kwa mkubwa wa ofisi ikiwa imechapwa vizuri, kila gari na mishale yake, na kwenye gari la Tano aliandika kwa uaminifu kwamba kila Alhamisi huacha njia na kukaa mahali pasipo na kazi ya shirika. Mkubwa hakusoma habari za vilima wala betri. Alisoma hapo tu. Mume wangu aliitwa, akaulizwa alikuwa anafanya nini na gari la wakimbizi. Angeweza kusema anampelekea mama yake chumvi na dawa ya mguu. Lakini karatasi zake zilisema hana mama, na karatasi hizo ndizo zilizompa ajira. Akaweka funguo za gari mezani. Walimfukuza kazi mchana ule, akarudi nyumbani kwa miguu.

Fundi alikuja chumbani kwangu. Alikuwa amesononeka kweli, sitamsingizia.

"Dada, mimi nilikuwa natafuta kosa la hesabu," alisema. "Sikuwa natafuta kosa la mtu."

Nilivaa visikizio vya redio nikaita magari. Gari la Tano alipewa dereva mwingine, mtu asiye na mtu Songambele, nalo likaanza kutii mishale kama mengine. Karatasi ya ukutani sasa ilikuwa sahihi kabisa. Haukupita muda fundi akapata barua ya watu wa simu, akaenda zake Dar es Salaam, na ofisi ikamfanyia karamu ya soda. Mimi nilibaki pale kwa sababu nyumbani sasa nilikuwa mlishaji peke yangu, na kwa mshahara mmoja hatukuweza kumhamisha mama mkwe, akabaki Songambele.

Mwisho wa mwaka ule ikatoka amri kwamba wakimbizi warudi kwao. Amri ilikuwa juu ya watu wa kambini, lakini amri ikishuka vijijini huwa pana kuliko ilivyotoka. Songambele, kamati ya kijiji ikaanza kuuliza nani ni nani. Mgeni wa zamani aliyekuwa na mtu wa kumdhamini, mwenyeji anayejulikana, aliachwa. Asiye na mtu aliambiwa aungane na wenzake. Mwenye kibanja alichokuwa anakaa mama mkwe wangu alikuwa amekufa, na watoto wake walikuwa wanakitaka kile kipande cha ardhi chenye ile nyumba ya nyasi. Walisema hawamjui. Mume wangu alikwenda kumdhamini, wakamwomba karatasi, akawaonyesha, wakasoma kwamba yeye ni yatima wa Kituntu. Mwalimu wa Kituntu, ambaye angeweza kusema neno, alikuwa amezikwa tangu zamani. Mmoja wa kamati alimwambia bila ubaya wowote, "Leta mtu mzito, tutamwacha."

Mtu mzito tuliyekuwa naye alikuwa baba yangu.

Tulikwenda Nyaishozi pamoja. Baba alikuwa anaanua kahawa kabla mvua haijanyesha, akatukaribisha, mama akatuletea viti. Mume wangu alimsimulia kila kitu akiwa amesimama. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi. Hakupandisha sauti. Alisema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kwenda mbele ya watu akasema namjua mama huyu, ilhali hajawahi kumwona wala kula naye.

Nikamkumbusha mwaka wa vita ya Amin, nilipokuwa msichana mdogo, watu wa doria walipokuja kumchukua kibarua wetu wakimwita mpelelezi. Baba alisimama mlangoni akasema huyu ni mtu wangu, mkimchukua nichukueni na mimi. Wakamwacha.

"Yule nilimjua," baba alisema. "Huyu mlinificha wenyewe. Mlitaka nisimjue, na kweli simjui."

Mama yangu alianza kusema kitu, baba akamkatiza kwa jicho. Mvua ikaanza. Tulisaidiana kuingiza kahawa ndani, sote wanne, kwa sababu kahawa hailowi huku watu wanatazama. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi: mume wangu akibeba kahawa ya baba yangu mikononi, mbiombio, ili isiharibike.

Walimchukua mama mkwe wiki ile. Mume wangu alipofika Songambele alikuta mkeka na sufuria. Mimi nilikuwa kazini. Barabara zote zilikuwa zimejaa watu, magari yetu yalitembea katikati yao yakitoa maji, na kila dereva alinitangazia yuko wapi. Kilima cha tatu hakikunyamaza tangu asubuhi. Nilijua gari la Pili liko wapi, la Tano liko wapi, hata lori la maji lililopasuka gurudumu nililijua liko chini ya kilima kipi na litakawia kiasi gani. Nikabonyeza kitufe, nikamwomba dereva wa gari la Tano anitazamie bibi mwenye mguu uliofungwa kitenge.

"Mama, wako wengi," akasema. "Wote wamefungwa vitenge."

Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa upole kwamba hewa ni ya kazi.

Mume wangu alivuka mpaka akimfuata. Alikaa huko mpaka maharage tuliyopanda yakakomaa, nikayavuna mimi na watoto. Aliporudi alikuwa amekonda, na alizungumza Kinyarwanda na watoto waziwazi, bila kumwogopa mtu, jambo ambalo lingeniponya kama lingetokea mapema. Alikutana na mwanamke mmoja aliyetembea na mama yake. Mwanamke huyo alimwambia kwamba mguu ulikataa kabla ya kufika mpakani, bibi akaketi kando ya barabara, akawaambia wengine watangulie, mwanawe ana gari, atapita. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Mume wangu aliirudia njia yote akiuliza. Alionyeshwa makaburi ya kando ya barabara, yasiyo na alama, akaambiwa achague.

Shirika lilifungasha likaondoka, na milingoti ikang'olewa. Miaka michache baadaye, muongo ule ukielekea ukingoni, fundi alipita Karagwe na watu wa kampuni ya simu wakitafuta vilima vya kusimamisha minara. Alinitafuta, akanikuta sokoni nauza nyanya. Alikuwa amenenepa. Aliniambia ile hesabu ya Karagwe ilimsaidia sana, ndiyo iliyomfungulia milango, kisha akauliza shemeji hajambo. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, wateja wakisubiri. Alivua kofia. Hakujitetea, na mimi sikumtukana. Baadaye akaniuliza, kwa aibu kidogo, siku za soko watu wa Kituntu hupita njia ipi. Nilimwambia awaulize wenyewe.

Mume wangu anaendesha lori la kahawa la tajiri mmoja. Tunaishi pamoja, tumesomesha watoto. Hajakanyaga tena nyumbani kwa baba yangu. Baba naye hajawahi kusema alikosea, ila kila mavuno hututumia mkungu mkubwa wa ndizi, uliochaguliwa vizuri, na mara nyingine debe la maharage. Mleta mzigo huutua mlangoni, akasema mzee anawasalimu. Watoto wanapenda ndizi za babu yao, kwa hiyo nazipika. Mume wangu siku hiyo hunywa chai tupu, na mimi naketi kati yake na watoto, sahani iko mbele yangu, nala kidogo.